Nilitafuta jibu Finland, kumbe lilikuwa Saika

Wasee, mpaka Mei mwaka huu mimi sikuwa na sweta. Si kwamba lilipotea. Sikuwa nalo kabisa. Mimi ni wa Likoni, ng'ambo ya feri, na kwetu ukitaja baridi watu wanafikiria soda. Nilipohamia Njiru kwa mama mdogo, wiki ya kwanza nililala na soksi, leso mbili na koti la kazi la mume wake. Binamu zangu wakanicheka mpaka wakachoka.

"Na hii ni Mei tu," wakasema. "Ngoja Julai."

Basi leo naongelea Julai. Na baiskeli.

Mlio nami tangu zamani mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sitaki kurudia hadithi yote. Karo ilichelewa, mtihani ukanipita, semesta moja ikawa mbili, na siku moja nikagundua nimeacha bila hata kuamua kuacha. Mama yangu anapika mahamri na viazi karai. Karo ya mwaka wa kwanza alikopa kwenye chama chake. Nilipomwambia sirudi tena, hakunifokea. Alisema "haya", akageuza mahamri kwenye mafuta. Hiyo "haya" imenifuata mpaka Nairobi.

Kwa hivyo nilipopata kazi Industrial Area, kupiga picha na kushuti video fupi za vyombo vya nyumba kwenye godauni moja, kwangu haikuwa kazi tu. Ilikuwa kitu cha kumpelekea mama. Miezi mitatu ya majaribio, mshahara 17,000, kuingia saa moja na nusu asubuhi. Na kichekesho ni kwamba huko Industrial Area kuna barabara inaitwa Likoni Road na nyingine Lunga Lunga Road. Nimetoka Pwani nikaja kutafutwa na majina ya Pwani.

Kutoka Njiru mpaka pale ni kilomita 15 hivi. Ukiangalia kwenye ramani ya simu unasema, ah, 15 ni nini? Halafu unaingia Kangundo Road saa kumi na mbili asubuhi na mat iko nyuma ya mat nyingine mpaka macho yanapoishia.

Nauli ni 80 asubuhi, 100 jioni. Mara 26 kwa mwezi hiyo ni 4,680, na hapo sijahesabu siku za mvua, maana Nairobi tone likianguka tu nauli inapanda. Toa hiyo kwa 17,000. Toa ninachompa mama mdogo cha chakula. Toa 3,000 ya kutuma nyumbani. Kinachobaki unaweza kukihesabu ukiwa umefumba macho.

Na doh haikuwa shida kubwa zaidi. Shida ilikuwa saa. Wiki mbili za kwanza nilichelewa mara mbili. Mara ya kwanza jam. Mara ya pili mat ilifika Kayole, dereva akaamua anageuza, tukashushwa wote kwenye manyunyu. Bosi hakupiga kelele. Alinionyesha saa ya ukutani akasema, "Mara ya tatu usisumbuke kuja."

Usiku huo nikafikiria baiskeli.

Kuendesha najua. Likoni nilikuwa natumwa unga na mafuta ya kupikia kwa baiskeli ya mjomba tangu darasa la sita. Lakini kule ni joto, na njia zetu za mtaani unazijua kama kiganja cha mkono. Hapa nilikuwa na miezi miwili mjini, sijui njia, sijui barabara ipi inaua, na mbele yangu ni Julai na Agosti. Hata hivyo niliuza ile taa yangu ya duara ya kurekodi video, wale mlioniuliza kwa nini siku hizi video zangu ni za giza, sasa mnajua. Nikaongeza kidogo, nikanunua baiskeli ya mtumba ya 8,500. Ina gia, rangi imechunika, breki ya nyuma inalia kama paka.

Halafu nikafanya kile ambacho sote tunafanya. Nikaenda intaneti kutafuta jinsi ya kuendesha baiskeli kwenda kazini wakati wa baridi.

Wasee, huko kuna watu. Kuna mji Finland unaitwa Oulu, uko kaskazini kabisa. Desemba kuna siku ambazo mwangaza wa jua haufiki saa nne. Theluji imejaa, na watu wanaendesha baiskeli kwenda kazini, watoto kwenda shule, kama kawaida. Mkutano wa kwanza wa dunia wa kuendesha baiskeli wakati wa baridi ulifanyiwa huko mwaka wa 2013. Nilitazama video zao mpaka bando likaisha. Tairi zenye misumari. Glavu kubwa zinazofungwa kwenye handeli, unaingiza mikono kama unaingiza kwenye oveni. Nguo tatu, ya ndani ya sufu, ya kati ya joto, ya nje ya kuzuia upepo. Miwani. Viatu maalum.

Nikaandika orodha ya vitu 14 na bei zake. Jumla ikafika 31,000.

Mume wa mama mdogo akaichukua ile karatasi, akaisoma yote, akanirudishia. "Sasa wewe," akasema, "unaenda kazini ama unaenda vita?"

Nikakasirika kidogo. Nilikuwa najaribu kupanga. Maisha yangu yote nimeambiwa sipangi, na chuo nilikiacha kwa sababu sikupanga. Sasa napanga, nachekwa.

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa napanga kwa ajili ya mji wa wenyewe. Hebu tuangalie Julai ya hapa ni nini hasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Julai jua limesogea kaskazini, na ule upepo unaotoka kusini mashariki unaleta mawingu mazito ya chini yanayofunika mji asubuhi, wakati mwingine siku nzima. Usiku inashuka mpaka nyuzi 10 au 12. Mombasa mwezi huo huo usiku ni kama 20. Na huo upepo ni ndugu yetu. Ni kusi. Ile kusi inayochafua bahari kwetu mpaka wavuvi wadogo wanakaa nyumbani ndiyo inayofika huku ikiwa imebeba mawingu na manyunyu. Nilipojua hivyo nikajisikia kama nimefuatwa na mtu wa mtaani.

Kwa hivyo theluji hakuna. Barafu hakuna. Tairi za misumari ni za nini? Kilichopo Julai ya Njiru ni giza mpaka saa kumi na mbili na nusu, ukungu kule bondeni kwenye mto, manyunyu yanayoganda kwenye kope, lami yenye utelezi, na kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa Oulu atakufundisha. Udongo mweusi.

Niliujua Jumapili. Nilisema nijaribu njia siku ambayo hakuna magari mengi, na hilo ndilo wazo la pekee zuri nililokuwa nalo lote kwenye mpango wangu. Usiku kulikuwa na manyunyu. Nikatoka getini na baiskeli, nimejaa, nimefunga leso kichwani chini ya helmeti ya kuazima. Hatua mia mbili, baiskeli ikasimama. Haikupunguza mwendo, ilisimama. Ule udongo hauko kama matope ya kwetu yanayoteleza yakaanguka. Huu unanata kwenye tairi, unajikunja, unapanda, unaingia kwenye madigadi, unajaa mpaka gurudumu haliwezi kuzunguka. Nilivuta, nikasukuma, nikainua. Baiskeli ilikuwa na uzito wa mbuzi wawili. Viatu vyangu vilikuwa na soli mpya ya inchi mbili za udongo. Nikakaa kwenye jiwe nikaanza kulia, wallahi nalia, kwa sababu niliona kama hata hii nimeshaiacha kabla ya kuianza.

Akapita mzee mmoja. Ana ile baiskeli nzito nyeusi, Black Mamba, na kreti ya mkate nyuma kwenye keria. Haendeshi. Amepita pembeni kabisa penye nyasi, anaisukuma pole pole. Alikuwa msafi. Mimi nilikuwa kama nimetoka kuchimbwa.

"Shikamoo mzee," nikasema huku najifuta.

"Marahaba, mami. Hiyo matope haitaki haraka."

Akaegemeza baiskeli yake. Kwenye fremu alikuwa amefunga kijiti na mpira, nilidhani ni takataka. Akakifungua, akaanza kuchokora udongo kwenye madigadi yangu. Akaniambia nitoe madigadi ya mbele nikae bila, ama niyainue nafasi iingie vidole vitatu. Akaniambia kutoka getini mpaka lami baiskeli inabebwa au inapitishwa kwenye nyasi, haipandwi, hata kama unachelewa. Hasa kama unachelewa.

"Unaenda wapi kila siku?"

"Industrial Area."

"Saa ngapi?"

Nilipomwambia nimepanga kutoka saa kumi na mbili kasoro, akatikisa kichwa. "Saa hiyo mat zimeamka zote. Njoo usimame barabarani saa kumi na moja na robo uone. Usije na baiskeli. Kuja tu uone."

Nikaenda. Jumatatu, saa kumi na moja na robo, mama mdogo akiwa nyuma yangu na tochi kwa sababu alikataa nitoke peke yangu. Tukatembea mpaka Saika, tukasimama kando ya Kangundo Road tunatetemeka. Na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kila siku kwa dirisha la mat nikiwa kwenye simu.

Baiskeli. Si tatu, si nne. Nilihesabu mpaka 40 nikaachia hapo. Mafundi wa ujenzi wamefunga pimamaji na mwiko kwenye keria. Walinzi wanaorudi kutoka kazi ya usiku na walinzi wanaoenda kuwapokea. Watu wa maziwa, watu wa mkate. Kijana na mkungu wa ndizi. Mama mmoja, mmoja tu, amevaa buti za mvua na jaketi kubwa la kiume, anapita bila kuangalia pembeni. Taa chache. Wengi wao hawana kitu zaidi ya kipande cha kitambaa cha kung'aa. Wanapita kimya, unasikia cheni tu.

Mama mdogo ameishi Njiru miaka 11. Akasema, "Sikujua ni wengi hivi."

Hapo ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nimemaliza bando kumtazama mtu wa Finland akinieleza jinsi ya kuvaa soksi, na watu wa mtaa wangu wanafanya kitu kile kile kila Julai, wengine kwa miaka 20, kwenye barabara ile ile ninayotaka kupita. Sikuwatafuta kwa sababu sikudhani kwamba wao ni watu wa kuulizwa. Mtaalamu kwangu alikuwa mtu mwenye kamera nzuri. Mimi, niliyeacha chuo, ninayelia kila siku kwamba watu wanatudharau sisi bila vyeti, nilikuwa nafanya vile vile kwa mzee wa mkate.

Basi nikaanza kuuliza. Haya ndiyo niliyofundishwa, bure.

Moja, ukitoka nyumbani unafaa kusikia baridi. Ukitoka ukiwa na joto, umevaa nguo nyingi. Ukifika Kayole utakuwa umetoa jasho, na hilo jasho ndilo litakalokugandisha ukisimama. Hii hata watu wa Oulu wanasema. Mlinzi mmoja aliniambia hivyo hivyo na hajawahi kutazama video yao hata moja.

Mbili, gazeti. Unalikunja, unaliweka kifuani chini ya jaketi, upepo haupiti. Ukifika unalitoa.

Tatu, miguu. Unavaa soksi, juu yake karatasi ya nailoni ya mkate, halafu kiatu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini mkate bado unakuja na nailoni yake. Mzee wa mkate aliniletea mbili akacheka sana.

Nne, rimu zikiwa na maji breki haishiki mara moja. Unaanza kubonyeza mapema, kidogo kidogo, kuikausha, kabla hujafika unapotaka kusimama. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, bonyeza juu kabisa, usingoje chini.

Tano, dimbwi usiingie kama hujui chini kuna nini. Nairobi chini ya dimbwi kunaweza kuwa hakuna kifuniko.

Sita, usiende peke yako. Mtu mmoja gizani dereva hamwoni. Watu sita kwenye mstari, na wa nyuma ana taa nyekundu, anawaona. Walinzi wawili, fundi mmoja, yule mama wa buti na kijana wa maziwa wanatoka pamoja kila siku. Nikawauliza kama naweza kuwa nyuma yao. Fundi akasema, "Tunangoja dakika tano. Si kumi."

Njia yenyewe ni hii. Kangundo Road kupitia Saika, Kayole, Komarock, Umoja, mpaka Outer Ring. Hapo napinda kushoto mpaka Donholm, naingia Jogoo Road, halafu nakata kushoto tena kwenda Industrial Area. Kangundo Road tunapita ukingoni, na mara nyingine ukingo haupo, lami imeliwa kama chapati. Malori ya mchanga na mawe yanapita hapo bado giza, ukisikia moja nyuma unashika handeli vizuri maana upepo wake unakusukuma.

Outer Ring ndiyo iliyonishangaza. Ilipopanuliwa iliwekwa njia ya miguu na ya baiskeli. Nilipoisoma nikasema, Alhamdulillahi, hapa nitapumua. Nikafika. Njia iko. Juu yake kuna viatu vya mtumba, bodaboda zinazongoja abiria, mkokoteni wa miwa na mat moja imepanda inatafuta short-kati. Asubuhi sana ni nafuu, jioni unashuka unasukuma. Na huwezi kugombana na muuza viatu, naye anatafuta mkate kama wewe, na hakujengewa pa kuuzia.

Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli. Sera hiyo inasema asilimia 20 ya pesa za usafiri ziende kwa watu wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Imefika miaka zaidi ya kumi. Nimepita kilomita 15 nikitafuta hiyo 20. Na kila mwaka kwenye hesabu za NTSA za waliokufa barabarani, wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko wote.

Hapo ndipo nimeelewa Oulu vizuri. Nilidhani siri yao ni glavu. Si glavu. Theluji ikianguka usiku, mji unatuma magari kusafisha njia za baiskeli mapema, ili mtu akitoka kwenda kazini njia iko. Mtu wa kule kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kuna mtu ofisini aliyemfikiria. Mzee wa mkate wa Njiru kwenye nyuzi 11 juu ya sifuri hakuna aliyemfikiria, amejifikiria mwenyewe na kijiti chake. Baridi si tatizo letu. Baridi unaivalia gazeti. Lami huwezi kuivalia chochote.

Nasema hivi kwa sababu sitaki mtu asome akaona nawasifu watu kwa shida. Mzee wa mkate haendeshi baiskeli kwa kupenda mazoezi. Akilipa nauli na mizigo, faida ya mkate imeisha. Anajua mengi kwa sababu alilazimika kujua. Na mimi ni kama yeye. Ningekuwa na mat inayofika saa inayosema, kwa nauli isiyopanda na mawingu, labda leo ningekuwa nalala mpaka saa kumi na mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne. Niliamka saa kumi. Gazeti kifuani, nailoni miguuni, sweta la 150 la Gikomba, jaketi la kung'aa la bodaboda. Glavu nilisahau, nikavaa soksi mikononi. Nilibeba baiskeli mpaka lami kama nilivyoambiwa. Kwenye mto ukungu ulikuwa mzito mpaka taa ya mtu wa mbele yangu ilikuwa kama tone la chai. Vidole sikuvisikia mpaka Komarock. Makanga mmoja akatoa kichwa nje akapiga kelele, "Siste, utaanguka!" na yule mama wa buti akamjibu kitu kwa Kikamba ambacho sikuelewa, lakini makanga alirudisha kichwa ndani.

Na sitawadanganya, nilikaribia kuumia. Kayole mat ilinikatia mbele bila taa kuchukua abiria. Nilibonyeza breki, ile inayolia kama paka, nikateleza, nikasimama mkono wangu ukiwa umegusa bodi ya gari. Kijana wa maziwa akarudi, akanishikia baiskeli, akangoja mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Hakusema pole. Alisema, "Ukiona mat, angalia tairi ya mbele, si taa. Tairi ikipinda, inakuja kwako." Hilo ni la saba, liongezeni kwenye orodha.

Nilifika saa kumi na mbili na dakika 40. Dakika 50 kabla ya saa. Mlinzi wa getini alinitazama kutoka juu mpaka chini, nina matope mpaka masikioni, akaniuliza natafuta nani. Nikabadilisha nguo chooni, nikanawa uso, na bosi alipoingia alinikuta nimeshapanga sufuria za kupiga picha. Akaangalia saa ya ukutani. Hakusema kitu.

Sasa pesa, kwa wale mtakaouliza. Baiskeli 8,500. Kurekebisha breki na tyubu mpya 1,200. Jaketi la kung'aa 300. Taa mbili 450. Sweta 150. Glavu, nimenunua mwishowe, 100. Gazeti na nailoni sifuri. Jumla 10,700, si 31,000. Helmeti bado ni ya kuazima, ndiyo inayofuata. Nimetenga 600 kwa mwezi kwa zile siku mvua imenyesha kweli usiku kucha, siku hizo napanda mat na kutoka mapema, sina ushujaa wa kujionyesha. Mwezi wa tatu hautaisha kabla baiskeli haijajilipa.

Na wale wa shule, msiseme nimewaambia muache. Ningepata karo kesho ningerudi, na ningekaa mbele. Ninachosema ni kwamba kabla hujaenda mbali kutafuta mtu wa kukufundisha, toka nje kwanza saa kumi na moja na robo uone nani tayari yuko barabarani.

Mama sikuwa nimemwambia. Mama mdogo alinitunzia siri wiki nzima na akaniambia haongezi siku. Nikampigia Jumapili. Nikamwambia yote, hata ile ya Kayole. Kimya. Nikasikia mafuta yanachemka upande wa pili.

"Una sweta?" akauliza.

"Ninalo, mama."

"Na breki?"

"Nimetengeneza. Fundi ameziangalia mara mbili."

"Hao unaoenda nao, ni watu wazuri?"

"Ni watu wazuri."

"Uwasalimie," akasema. "Huyo mzee wa mkate, mwambie shikamoo yangu. Na hiyo nailoni, osha kila siku, usije ukaoza vidole. Haya."

Nimemfikishia mzee salamu zake. Amesema marahaba.

Tunapokutana hasa siwaambii hapa, mnajua jinsi watu walivyo. Lakini kama uko pande zetu na baiskeli yako imekaa nyuma ya mlango kwa sababu ya baridi, simama Kangundo Road kabla jua halijatoka. Utatuona. Mimi ndiye wa nyuma, mwenye breki inayolia. Njoo na taa.